Maswali ya Wasomaji: Kijana Anyanyue Vyuma Mara Ngapi kwa Wiki?

Barua tulizozichagua mwezi huu zimeandikwa na mama mmoja, msichana mmoja, kocha mmoja na mwanafunzi mmoja anayekabiliwa na mitihani. Wote wanne wanauliza, kila mtu kwa namna yake, ni kiasi gani cha vyuma ambacho mwili unaoendelea kukua unaweza kukipokea kabla mazoezi hayajaanza kuurudisha nyuma. Majibu yametolewa na mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Miezi minne iliyopita alianza kunyanyua vyuma pamoja na timu yake ya kandanda, mara mbili kwa wiki, kisha akawa anaongeza mwenyewe mpaka sasa anakwenda siku sita. Mwanzoni alikuwa na furaha kwa sababu aliona mabadiliko karibu kila wiki. Lakini tangu wiki tatu hivi zilizopita amekuwa mwepesi wa hasira, halali vizuri, anaacha chakula nusu, na jana alinikiria kwamba uzito aliokuwa akiunyanyua mara kumi mwezi uliopita sasa unamshinda akifika mara ya saba. Yeye anaamini kwamba dawa ni kuongeza siku ya saba. Baba yake anasema aache kabisa, kwa kuwa vyuma hudumaza vijana. Mimi nimebaki katikati. Kiasi kinachofaa ni mara ngapi, na je, baba yake ana hoja?
Mama wa mchezaji

JIBU: Mama, nakushukuru kwa kueleza mambo kwa mpangilio, maana dalili ulizozitaja zimekwisha kunifanyia nusu ya kazi. Nianze na idadi uliyoiuliza. Kijana wa umri wa mwanao anatosheka na siku mbili hadi tatu za vyuma kwa wiki, tena siku zisizofuatana. Hicho ndicho kiasi kilichopendekezwa na chama cha Marekani cha wataalamu wa mazoezi ya nguvu katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu watoto na vijana, na katika miaka yote niliyofundisha sijaona sababu ya kukiongeza kwa mwanafunzi ambaye pia ana mchezo mwingine. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2020, linataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki, na wapo wanaolichukua neno hilo "angalau" kuwa kibali cha kwenda siku saba. Wanasahau kwamba miongozo ile haizungumzii vyuma peke yake. Kuruka, kupanda, kukimbia kwa kasi na kugeuka ghafla ni mazoezi ya misuli na mifupa pia, na mchezaji wa kandanda huyafanya hayo kila anapoingia uwanjani.

Kwa nini siku zisifuatane? Kwa sababu misuli haijengeki wakati wa kunyanyua. Wakati ule inachokozwa na kuchoshwa, na kazi ya kuikarabati na kuiongezea nguvu huendelea kwa siku moja hadi mbili baadaye, hasa kijana akiwa amelala na akiwa amekula vya kutosha. Akirudi kuichokoza misuli ile ile kabla ukarabati haujafika mbali, anaanza na deni, na kila kikao kinachofuata kinaliongeza deni hilo. Kano zinazoshikilia misuli kwenye mifupa zina hali ngumu zaidi, kwa kuwa hupata damu kidogo kuliko misuli na kwa hiyo huzoea mzigo polepole. Ndiyo maana kijana anaweza kujiona ana nguvu za kutosha huku goti au bega lake likiwa limeachwa nyuma sana.

Zaidi ya hayo, mwanao ana kazi nyingine ambayo mtu mzima hana, nayo ni kukua. Kwa wastani wasichana hurefuka kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka 12 hivi, na wavulana wakiwa na miaka 14 hivi, ingawa tofauti kati ya mtoto na mtoto ni kubwa. Katika kipindi hicho mifupa hurefuka haraka, misuli na kano huvutwa, na maumivu chini ya goti au nyuma ya kisigino huwa ya kawaida hata kwa wasionyanyua chochote. Chakula na usingizi vinavyogharimia ukuaji huo ndivyo hivyo hivyo vinavyogharimia ukarabati wa misuli, wala hakuna akiba ya pili iliyofichwa mahali.

Sasa nije kwenye lile linalomdanganya mwanao, kwa sababu nadhani hapa ndipo kiini cha tatizo kilipo. Mtu anapoanza kunyanyua vyuma, nguvu anazozipata katika wiki za mwanzo hazitokani sana na misuli kuwa minene. Zinatokana na ubongo na mishipa ya fahamu kujifunza kuiita misuli iliyopo ifanye kazi kwa pamoja na kwa wakati. Somo hilo hufundishika haraka, na ndiyo maana aliona mabadiliko karibu kila wiki. Baada ya miezi miwili mitatu sehemu kubwa ya somo huwa imekwisha kueleweka, na kinachobaki ni kazi ya polepole ya kuujenga mwili wenyewe. Kijana asiyejua hilo huona kasi imepungua, akadhani juhudi ndiyo iliyopungua, akaongeza siku. Mwanao hakuwa mvivu wala hakukosea kutaka maendeleo; ameisoma vibaya dalili iliyo ya kawaida kabisa, na kwa kuijibu kwa siku sita ameizalisha dalili nyingine ambayo si ya kawaida.

Dalili hiyo ya pili ni ile uliyoieleza: nguvu zinarudi nyuma ilhali mazoezi yanaongezeka, pamoja na hasira, usingizi mbovu na kukosa hamu ya kula. Uchovu wa siku mbili baada ya kikao kigumu ni jambo linalotarajiwa. Uchovu unaodumu wiki moja au mbili, ukaondoka baada ya mapumziko, ni onyo. Lakini hali ya kuzidiwa na mazoezi iliyokomaa inaweza kuchukua wiki nyingi au miezi kupona. Kwa maelezo yako mwanao yuko katika hatua ya onyo, ingawa siwezi kulithibitisha hilo kwa barua. Upungufu wa damu, maambukizi, matatizo ya tezi na msongo wa mawazo huleta dalili zinazofanana na hizo, na daktari pekee ndiye anayeweza kuzitenganisha.

Ushauri wangu ni huu. Kwa siku saba hadi kumi asiguse chuma kabisa. Atembee, acheze kidogo akipenda, lakini asijipime nguvu. Alale saa 8 hadi 10 kila usiku, ambacho ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na ale milo yake yote hata kama hamu ni ndogo. Asubuhi kabla ya kuinuka kitandani ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja na kuyaandika. Hesabu inayobaki juu kwa siku kadhaa kuliko alivyozoea, huku dalili nyingine zikiwepo, ni sababu ya kuendelea kupumzika, ijapokuwa peke yake haithibitishi kitu. Baada ya wiki mbili, ikiwa usingizi, hamu ya kula na tabia yake havijarudi kama zamani, mpeleke kwa daktari. Na ikiwa atazungumza maneno ya kukata tamaa, usizisubiri wiki hizo mbili.

Akirudi, arudi kwa siku mbili, kwa uzito mwepesi kuliko aliouachia, na siku ya tatu iongezwe baada ya mwezi iwapo mambo ni shwari. Kabla ya hapo chukueni karatasi, muandike pamoja kila kitu anachokifanya kwa wiki: mazoezi ya timu, mechi, masomo ya michezo shuleni na hata mpira wa jioni na wenzake. Mara nyingi nimewafanyisha wazazi zoezi hili, na mara nyingi wameshangaa. Kijana mwenye mazoezi matatu ya kandanda na mechi moja, akiongeza siku sita za vyuma, ana vikao kumi ndani ya siku saba, na hakuna mwalimu hata mmoja kati ya wanaomfundisha anayeviona vyote. Madaktari wengi wa michezo hutumia kipimo chepesi, kwamba saa za michezo iliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto kwa miaka. Kwa mwanao ni saa 15, vyuma vikiwemo. Aidha, katika kila wiki iwepo siku moja au mbili ambazo hakuna mchezo wala chuma.

Kuhusu baba yake, ana hoja, ingawa si ile aliyoitaja. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka za gegedu ambazo ndizo zinazourefusha mfupa, na ambazo hugeuka kuwa mfupa kamili balehe inapoelekea ukingoni. Hofu ya zamani ilikuwa kwamba uzito unaziponda tabaka hizo. Taarifa ya Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani ya mwaka 2020 inakubaliana na wataalamu wengine kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na yenye msimamizi hayazuii urefu. Tabaka hizo huumia, tena huumia vibaya, pale mtoto anaponyanyua uzito uliomzidi kwa mkao mbovu, anapoangukiwa na chuma, au anapocheza na vyombo bila mtu mzima kuwepo. Kwa hiyo baba akitaka kuweka sharti, sharti lenye maana si "acha", bali "usinyanyue peke yako". Ipo pia njia moja ambayo kwa hakika hufupisha ukuaji, nayo ni kutumia homoni za kukuza misuli, kwa kuwa huzifanya tabaka za ukuaji zifunge mapema. Kijana aliyekwama na mwenye haraka ndiye anayeshawishika kuzitumia, kwa hiyo ni vema mkalizungumza jambo hilo waziwazi nyumbani.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 16 na nimenyanyua vyuma kwa mwaka mmoja, siku tatu kwa wiki, mwili mzima kila siku. Rafiki zangu wamenionyesha ratiba ya siku tano ambayo kila siku ina sehemu yake: kifua, mgongo, miguu, mabega na mikono. Wanasema kwa kuwa kila sehemu inapumzika wiki nzima, haiwezekani kuzidisha. Je, ni kweli? Na nitajuaje kama maumivu niliyo nayo ni ya kawaida au nimepitiliza?
Mnyanyuaji wa siku tatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hoja ya rafiki zako ina mantiki, lakini haina ukweli wa kutosha. Kwenye karatasi mwili hugawanyika vizuri sana. Kwenye benchi haugawanyiki. Unaposukuma chuma kutoka kifuani, mabega na mikono ya nyuma inafanya kazi. Unapojivuta juu, mikono ya mbele na mabega yale yale yanafanya kazi tena, na mgongo wa chini unashiriki karibu katika kila zoezi unalolifanya ukiwa umesimama. Mwisho wa wiki bega lako litakuwa limefanya kazi siku nne, ingawa ratiba inasema siku moja. Halafu yapo mambo yasiyogawanyika kabisa: moyo, mishipa ya fahamu, usingizi na chakula. Siku ya miguu haiyapumzishi hayo kwa sababu tu kifua kimelala.

Ratiba za namna hiyo zilienezwa na wanyanyuaji watu wazima wenye miaka mingi ya mazoezi, ambao kazi wanayoihitaji kwa kila msuli ni nyingi kiasi kwamba haiwezi kukamilika katika kikao kimoja. Wewe hujafika huko, na kutofika huko ni bahati, kwa sababu mwili wako bado unaitikia kazi ndogo. Hata kwa watu wazima, tafiti zimeonyesha kwamba jumla ya seti za wiki, yaani mafungu ya marudio yanayofanywa mfululizo kabla ya kupumzika, ikiwa ni ile ile, kuzigawa katika siku nyingi zaidi hakuongezi ukuaji wa misuli kwa kiasi cha kujivunia. Baki na siku zako tatu.

Kwa kuwa hukueleza unafanya nini ndani ya siku hizo, niseme kikao kizuri kinavyokuwa. Unaanza kwa kupasha mwili joto dakika 5 hadi 10. Kisha unachagua mazoezi sita hadi manane yanayogusa mwili mzima: kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kusukuma, kuvuta, na kitu cha kukaza tumbo na mgongo. Kila zoezi lina seti moja hadi tatu za marudio 6 hadi 15, na unapumzika dakika moja au mbili kati ya seti. Jambo ambalo vijana hulipuuza kuliko yote ni kwamba seti iishe ukiwa bado na uwezo wa kurudia mara mbili zaidi kwa mkao sahihi. Kunyanyua mpaka chuma kikwame ni mtindo unaopendeza kwenye video, lakini huchelewesha kupona kuliko unavyoongeza nguvu, na marudio ya mwisho, yale ya kujikunja na kutetemeka, ndiyo yanayoumiza migongo.

Nafungua mabano kidogo. Zile seti tatu za marudio kumi ambazo kila mtu huzitaja kama sheria zilienezwa katika miaka ya 1940 na Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiwarudishia askari majeruhi nguvu za viungo. Alianza kwa kuwapa seti nyingi zaidi, mpaka saba, kisha yeye na mwenzake wakaona kwamba nyingine hazikuwa na faida, wakazipunguza. Huwa nakumbuka kisa hicho kila ninapomwona kijana anaongeza seti ya nane.

Kuhusu maumivu, yapo ya aina mbili, na kuyatofautisha si kugumu ukizoea. Maumivu ya kawaida huanza saa kadhaa baada ya mazoezi, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, hukaa ndani ya nyama ya msuli wenyewe, huwa pande zote mbili za mwili, na hupungua ukijinyosha au ukitembea. Hayo hayakuzuii kuendelea na kikao kinachofuata, ingawa si lazima uyatafute. Kikao kisichoacha maumivu si kikao kilichopotea. Maumivu ya onyo ni yale yanayokaa kwenye kiungo au juu ya mfupa, yaliyo upande mmoja, yanayochoma ghafla wakati wa kunyanyua, yanayokuamsha usiku, yanayoambatana na uvimbe, au yanayorudi mahali pale pale kila wiki. Hayo yakitokea, acha zoezi hilo na uonane na mtaalamu wa afya. Na kuna hali moja isiyosubiri kesho: misuli ikiwa imevimba na kuuma kupita kiasi, na mkojo ukawa na rangi ya kahawia iliyokolea kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa misuli iliyovunjika sana humwaga ndani ya damu vitu vinavyoweza kuharibu figo. Hali hii si ya kila siku, lakini huwapata hasa watu waliofanya kazi nyingi mno kwa ghafla, na kuruka kutoka siku tatu hadi tano kwa wiki moja ni kufanya ghafla.

Kwa msichana kuna kipimo kingine ambacho nakuomba usikionee haya. Hedhi iliyokuwa ya kawaida ikikatika kwa miezi mitatu, au ikianza kuja kwa kuchelewa sana tangu uongeze mazoezi, mwili unakwambia kwamba nishati inayoingia haitoshi kwa kazi inayofanywa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo uzito mwaka 2014, ikieleza kwamba upungufu wa nishati kwa wanamichezo hudhoofisha mifupa, kinga ya mwili na uwezo wa kufanya mazoezi wenyewe, na kwamba wavulana nao hawako salama. Wasichana wengi huambiwa na wenzao kwamba hedhi kukatika ni ishara ya kufanya mazoezi kwa bidii. Si kweli, na mifupa isiyojengwa katika miaka hii ni vigumu kuijenga baadaye. Daktari aelezwe mapema.

Ukitaka maendeleo bila kuongeza siku, ongeza uzito, lakini kwa adabu. Ukiweza kumaliza marudio yote uliyojipangia katika vikao viwili mfululizo bila mkao kuharibika, ongeza asilimia 5 hadi 10. Kwa uzito wa kilo 20 hiyo ni kilo moja au mbili tu. Ikiwa vyuma vilivyopo haviruhusu nyongeza ndogo namna hiyo, ongeza marudio kwanza, kutoka nane hadi kumi na mbili kwa mfano, ndipo upande uzito na kurudi kwenye nane.

SWALI: Ninafundisha kikosi cha vijana wa miaka 12 hadi 17. Kila Ijumaa huwa ninapima nani ananyanyua uzito mkubwa kuliko wote, na jambo hilo linawapa hamasa kubwa. Mwenzangu anasema ninawachosha bure, hasa sasa mashindano yalipoanza. Tufanyeje?
Kocha

JIBU: Ndugu kocha, mwenzako amesema kweli. Kipimo cha uzito wa juu kabisa kikifanywa na mtu anayejua, katika mazingira yenye usimamizi, si dhambi. Watafiti wamekifanya hata kwa watoto bila madhara. Lakini kipimo cha kila wiki mbele ya wenzao, kwa vijana wanaopishana miaka mitano, ni mashindano mengine uliyoyaongeza juu ya yale waliyo nayo. Mtoto wa miaka 13 ambaye balehe haijaanza atashindana na mwenzake wa umri huo huo ambaye imekwisha kumkomaza, na atakachojifunza ni kunyanyua vibaya. Ukihitaji kupima, pima mara moja baada ya miezi miwili au mitatu, tena pima marudio kumi safi badala ya moja la kufa na kupona. Hamasa ya Ijumaa unaweza kuihamishia kwenye mkao: chagueni aliyechuchumaa vizuri kuliko wote. Nilipojaribu hivyo na kikosi changu, wiki ya kwanza walicheka, wiki ya tatu wakawa wanagombana kuhusu magoti ya nani yalielekea wapi.

Katika msimu wa mashindano punguza vyuma viwe siku moja au mbili kwa wiki. Kulinda nguvu iliyokwisha kupatikana kunahitaji kazi ndogo sana kuliko kuitafuta, na kijana aliyenyanyua kikao kimoja kizuri katikati ya wiki hatapungukiwa siku ya mechi. Kazi nzito ya miguu isifanywe siku iliyotangulia mechi. Nje ya msimu, kila baada ya wiki nne hadi sita weka wiki moja nyepesi ambayo seti zinapunguzwa kama nusu. Usisubiri mpaka walalamike, maana walio hodari huwa hawalalamiki, na hao ndio wanaoumia.

Wadogo wa miaka 12 wanaweza kushiriki ikiwa wanasikiliza na kufuata maelekezo. Waanze na uzito wa mwili wao, fimbo nyepesi na mipira ya kuvuta, mpaka mkao uwe tabia. Wenye shinikizo la damu lililo juu na lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, kifafa, au waliowahi kupata matibabu ya saratani wapate kwanza kibali cha daktari. Na kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi pembeni: vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini nyingi havina nafasi katika kikosi cha vijana. Humfanya aliyechoka asijijue kuwa amechoka, kisha humnyima usingizi ambao ungemponya.

SWALI: Nina miaka 17 na mitihani yangu ya mwisho itachukua wiki tano. Siku tatu za vyuma sitaziweza. Nikiacha, je, nitapoteza kila kitu?
Mtahiniwa

JIBU: Hutapoteza kila kitu. Ukipata siku moja kwa wiki, ifanye kuwa ya mwili mzima, seti mbili kwa kila zoezi, uzito ule ule uliouzoea, na utamaliza ndani ya dakika 40. Usipoipata hata hiyo, nguvu zitashuka kidogo katika wiki tano, lakini zinarudi kwa haraka kuliko zilivyokuja mara ya kwanza. Usijaribu kufidia kwa kunyanyua usiku wa manane baada ya kusoma, wala kwa kuja siku sita katika wiki ya kwanza baada ya mitihani. Anza tena na siku mbili, kwa uzito pungufu kidogo, na urudi kwenye siku tatu baada ya wiki mbili.